Je, Wajua? Akina John na Kalamu Zao

Simama kwenye daraja la mto Nabuyonga hapa Mbale saa moja asubuhi, wanafunzi wanapovuka kwenda shule, kisha uite John. Vichwa kadhaa vitageuka. Ukiwa Jinja, jaribu Waiswa: kwa Wasoga hilo ni jina la pacha wa kwanza wa kiume, na ndugu yake ni Tenywa, kwa hiyo sijui mtaa usio na Waiswa wake. Lakini Waiswa huzaliwa na jina lake. John hulipata kwenye maji ya ubatizo, na jina lenyewe limefika kwetu kwa safari ndefu. Waebrania walisema Yohanan, yaani Mungu ana neema. Waislamu husema Yahya. Biblia ya Kiswahili inaandika Yohana, ya Kiganda Yokaana, na Wajerumani wana Johann na Johannes.

Kwa miaka mingi nimekuwa nikiwakusanya waandishi na wasomi wenye jina hili, wale waliokuja Afrika Mashariki na wale waliozaliwa humu. Wa kwanza walikuja kutupatia majina. Waliofuata walianza kuyarudisha.

Je, wajua kwamba John wa kwanza kuandika habari za Jinja alivutwa huku na mchoro wa Johannes? Johannes Rebmann alikuwa mmisionari Mjerumani aliyeishi Rabai, karibu na Mombasa. Tarehe 11 Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro, na mabingwa wa jiografia kule London wakamkatalia katakata kwamba theluji haiwezi kuwapo karibu na ikweta. Hakubishana sana. Yeye na mwenzake Jakob Erhardt waliendelea kuwauliza wafanyabiashara wa misafara waliyoyaona bara, kisha wakachora ramani yenye ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika. Ramani hiyo ilichapishwa mwaka 1856. Ziwa lile lilikuwa limekosewa umbo, kwani waliunganisha maziwa kadhaa kuwa moja, lakini lilitosha kuwawasha wasomi wa Uingereza. Rebmann alikaa pwani tangu 1846 hadi 1875, akarudi kwao akiwa karibu kipofu. Sisi tunaosema Kiswahili tuna deni pia kwa mwenzake wa Rabai, Johann Ludwig Krapf, ambaye kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilitoka London mwaka 1882, miezi michache baada ya kifo chake.

Waliowashwa na ramani ile ni pamoja na John Hanning Speke. Mwaka 1857 aliondoka Unguja pamoja na Richard Burton, na Agosti 1858, Burton akiwa mgonjwa Tabora, Speke akaliona ziwa kutoka upande wa Mwanza. Alirudi safari ya pili, na tarehe 28 Julai 1862 akasimama pale Jinja maji yanapotoka ziwani kuanza safari ya kwenda Misri. Pamoja naye alikuwa Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani India akiwa mtoto. Speke aliwasiliana naye kwa Kihindustani. Huwa nafikiri juu ya Bombay kila nikifika ukingo ule: maneno mangapi ya wenyeji yalipita kinywani mwake kabla ya kuingia katika kitabu cha mtu mwingine?

Maporomoko yale yalikuwa na jina. Speke mwenyewe aliandika kwamba wenyeji waliyaita mawe, na ejjinja kwa lugha zetu za huku ni jiwe au mwamba. Hata hivyo aliyaita Ripon, kwa heshima ya bwana mkubwa aliyeongoza chama cha wanajiografia cha London wakati safari ilipopangwa, na ziwa akalipa jina la malkia wake, Victoria. Kitabu chake, Journal of the Discovery of the Source of the Nile, kilitoka 1863. Mwaka uliofuata, tarehe 15 Septemba 1864, alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa windoni, siku moja kabla ya mjadala uliopangwa kati yake na Burton kuhusu chanzo cha Nile. Alikuwa na miaka 37. Kuhusu Ripon, maporomoko hayo yalifunikwa na maji baada ya bwawa la Owen Falls kujengwa na kufunguliwa mwaka 1954. Jiwe ndilo jina la mji hadi leo.

Mbale nako tulipata John wetu. Kasisi John Roscoe aliishi Buganda kwa takriban miaka 25, na kitabu chake The Baganda cha 1911 kingali kinasomwa, kwa sababu Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Apolo Kaggwa, alimletea wazee waliojua mambo. Alipostaafu alirudi tena, mwaka 1919 hadi 1920, kwa safari ya utafiti iliyolipiwa na Sir Peter Mackie, tajiri wa wiski wa Scotland. Safari ile ilizaa mfululizo wa vitabu vikubwa, na cha mwisho, The Bagesu, kilitoka mwaka 1924. Angalia tahajia: Bagesu. Sisi tunasema Bagisu, na wazee wakitaka kusema kwa fahari husema Bamasaaba, watu wa Masaaba, yaani mlima huu ambao ramani zinauita Elgon. Roscoe alikaa Buganda nusu ya maisha yake ya kazi, kwetu alipita. Tofauti hiyo inaonekana katika kurasa zake, na inaniuma, kwa sababu kwa muda mrefu msomaji wa Ulaya aliyetaka kuijua imbalu, tohara ya vijana wetu, hakuwa na mahali pengi pa kwenda.

Jibu la mlimani lilikuja mwaka 1989, na aliyelileta si John. Timothy Wangusa, profesa wa fasihi wa Makerere na mwana wa Bugisu, alitoa riwaya Upon This Mountain, inayomfuata kijana Mwambu, mwenye jina la mmoja wa mababu wa kabila letu, anapokua kati ya mila na shule ya misheni. Nawashauri vijana wanaokusanyika Mutoto kila mwaka wa shufwa kuzindua imbalu wasome vitabu vyote viwili, waanze na cha Wangusa.

Kabla ya kumwacha Roscoe, je, wajua kwamba masalio ya Kibuuka, mungu wa vita wa Waganda, yalipelekwa naye Cambridge mwanzoni mwa karne ya 20? Yalirudishwa Kampala mwaka 1962, mwaka wa uhuru.

Wapo wengine wa kundi la waliokuja ninaowapita haraka, ingawa kila mmoja angestahili siku yake. Sir John Gray, aliyepata kuwa Jaji Mkuu wa Zanzibar, aliandika historia ya visiwa hivyo hadi mwaka 1856, na katika jarida la Uganda Journal akaandika pia kuhusu Semei Kakungulu, mwanzilishi wa Mbale yetu. John Beattie aliandika juu ya Bunyoro. John Middleton alianza na Walugbara wa kaskazini-magharibi mwa Uganda, akamalizia pwani kwa The World of the Swahili mwaka 1992. John Iliffe alitoa A Modern History of Tanganyika mwaka 1979, na hadi leo ukitaka kuandika juu ya Tanganyika huna budi kupita mlangoni kwake.

Sasa waliozaliwa humu.

John Ruganda alizaliwa mwaka 1941 karibu na Fort Portal. Tamthilia yake The Burdens ya 1972 inafungia familia moja ndani ya nyumba ya umaskini, baba aliyekuwa waziri akiwa sasa si kitu. Utawala wa Amin ulimpeleka uhamishoni, akafundisha Nairobi, na huko akaandika The Floods, iliyotoka 1980. Watu watatu, Bwogo, Nankya na mvuvi mzee Kyeyune, wako kisiwani katika Ziwa Victoria, na redio inatangaza gharika. Niliisoma zamani nikaiona kama fumbo la siasa. Mwishoni mwa Julai 2022 mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika usiku, ikaua zaidi ya watu 20 hapa Mbale, na nilipoirudia tamthilia hiyo sikuweza kuisoma kama fumbo tena. Ruganda alifariki Desemba 2007. Ningependa sana kuiona The Floods ikichezwa kwa Kiswahili jukwaani Jinja, mita chache kutoka ziwani.

Je, wajua kwamba mwandishi mmoja wa Uganda alicheza katika Kombe la Dunia? John Nagenda, aliyezaliwa mwaka 1938 Gahini, Rwanda, ambako wazazi wake walikuwa katika kazi ya Injili, aliichezea timu ya Afrika Mashariki katika Kombe la kwanza la Dunia la kriketi, Uingereza, mwaka 1975, dhidi ya New Zealand. Huyohuyo aliandika riwaya The Seasons of Thomas Tebo, iliyotoka 1986, na baadaye akawa mshauri wa rais na mwandishi wa safu ya kila wiki katika gazeti la The New Vision. Alifariki Machi 2023.

Wengine walifika kwenye kalamu kwa njia kali zaidi. John Okello, mzaliwa wa Lango, aliongoza mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, na mwaka 1967 akachapisha maelezo yake mwenyewe ya usiku ule, yanayohitaji kusomwa kwa uangalifu mkubwa kwa sababu walioumizwa nao wana maelezo yao. John Kiriamiti wa Kenya aliandika My Life in Crime akiwa gerezani kwa wizi wa kutumia nguvu. Kitabu kilipotoka mwaka 1984 vijana walikigombania.

Katika Kiswahili chenyewe yupo Profesa John Habwe wa Chuo Kikuu cha Nairobi, mwandishi wa riwaya Maumbile si Huja, ambaye pamoja na Peter Karanja ameandika Misingi ya Sarufi ya Kiswahili. Na tukikumbuka kwamba Yahya ni jina lilelile, basi tumhesabu pia Sheikh Yahya Ali Omar wa Mombasa, aliyeishi London na kutumia maisha yake kuhifadhi lahaja ya Kimvita na mashairi ya zamani.

Nimemweka mwisho ninayempenda kuliko wote. John Samuel Mbiti alizaliwa Kitui mwaka 1931, akasoma Makerere, akapata shahada ya uzamivu Cambridge, kisha akarudi kufundisha Makerere tangu 1964 hadi 1974. Kitabu chake African Religions and Philosophy cha 1969 kilizua mabishano makali. Mshairi Okot p'Bitek alimlaumu kwa kuivisha miungu ya Afrika mavazi ya Wagiriki, na kuna hoja ndani ya lawama hiyo. Lakini ona alichofanya alipotaka kueleza jinsi Mwafrika anavyoufikiria wakati. Hakuchukua maneno ya Kilatini wala Kijerumani. Alichukua mawili ya kwetu, sasa na zamani, akayaweka katikati ya hoja yake, na wanafalsafa wa dunia nzima ikabidi wajifunze kuyatamka. Miaka zaidi ya 100 kabla yake John mmoja alikuwa amelisikia neno la wenyeji pale Jinja akaliacha.

Mbiti aliishi Uswisi miaka yake ya mwisho, akafa huko Oktoba 2019. Mwaka 2014, akiwa na umri wa zaidi ya miaka 80, alitoa Agano Jipya kwa Kikamba, lugha ya mama yake, alilolitafsiri moja kwa moja kutoka Kigiriki. Ndani yake, baada ya Mathayo, Marko na Luka, ipo Injili ya Yohana.