Macho ya rubani wa kijeshi: Miwani pekee haifungi mlango, kuchelewa kupima huufunga

Na Mwandishi Wetu, Busisi

Gari linaloingia Daraja la J.P. Magufuli upande wa Kigongo, wilayani Misungwi, husafiri kilomita 3 juu ya maji ya Ziwa Victoria kabla ya kutokea Busisi, wilayani Sengerema. Ndege ya kivita inayoruka kwa kasi ya kilomita 900 kwa saa huumaliza urefu huo kwa sekunde 12. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Marekani inakadiria kuwa rubani huhitaji takriban sekunde 12.5 tangu kukiona chombo kingine angani hadi ndege yake ianze kubadili mwelekeo. Katika muda huo anatakiwa kuona, kutambua, kuamua na kutenda, kisha ndege nayo iitikie.

Iwapo ndege nyingine inamjia uso kwa uso kwa kasi hiyo hiyo, umbali kati yao hupungua kwa zaidi ya kilomita 6 ndani ya sekunde hizo, yaani zaidi ya mara mbili ya urefu wa daraja. Rubani ambaye jicho lake linachelewa kuitambua nukta ndogo iliyo mbali hana muda wa kusahihisha kosa. Hii ndiyo sababu ya msingi ya majeshi ya anga duniani kuweka masharti makali ya uoni.

Masharti hayo huwafanya vijana wengi wa kike na wa kiume kujiondoa wenyewe kabla hata ya kupimwa, kwa imani kwamba kila anayevaa miwani hafai. Wengine huficha kasoro walizonazo kwa matumaini kwamba hazitagunduliwa. Makundi yote mawili yanapoteza, kwa kuwa uoni wa rubani ni mkusanyiko wa uwezo mbalimbali, na kila mmoja hupimwa kwa namna yake.

Mambo yanayopimwa

Kipimo kinachofahamika zaidi ni kile cha ubao wa herufi, uliobuniwa na daktari wa Uholanzi, Herman Snellen, mwaka 1862. Matokeo yake huandikwa kwa namba mbili. Mwenye 6/6 huona akiwa mita 6 kile ambacho jicho la kawaida hukiona kwa umbali huo. Mwenye 6/9 hulazimika kusogea hadi mita 6 ili aone kile ambacho jicho la kawaida hukiona likiwa mita 9. Herufi za mstari wa 6/6 zina urefu wa takriban milimita 9 tu.

Kwa marubani wa kiraia wa ndege za biashara, Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga (ICAO), ambalo Tanzania ni mwanachama wake, linataka kila jicho peke yake lifikie angalau 6/9 na macho yote mawili kwa pamoja yafikie angalau 6/6, kwa miwani au bila miwani. Anayetegemea miwani hutakiwa kuwa na ya akiba karibu naye awapo kazini. Majeshi huanzia kwenye misingi ya aina hiyo, kisha huongeza masharti kulingana na aina ya ndege na majukumu.

Kipimo cha pili ni cha rangi. Taa ya bawa la kushoto la ndege ni nyekundu na ya kulia ni ya kijani. Kwa kuziangalia usiku, rubani hujua ndege nyingine inaelekea wapi. Kando ya njia ya kurukia, viwanja vingi vina taa 4 za kuongoza utuaji: nyeupe 2 na nyekundu 2 humaanisha yuko katika kimo sahihi, na zote 4 zikiwa nyekundu humwonya kwamba yuko chini mno. Asiyetofautisha rangi husoma ujumbe huo kwa kubahatisha.

Kipimo cha tatu hutazama namna macho mawili yanavyoshirikiana kukadiria kina na umbali. Uwezo huu huhitajika sana ndege zinaporuka kwa kundi zikiwa zimekaribiana. Aidha, hupimwa upana wa eneo ambalo jicho huliona bila kugeuka, mlingano wa misuli ya macho na afya ya ndani ya jicho.

Uoni wa usiku nao una uzito wake. Jicho huhitaji takriban dakika 30 kulizoea giza kikamilifu, na upungufu wa oksijeni huanza kuudhoofisha uwezo huo kuanzia kimo cha takriban mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Ziwa Victoria lenyewe lipo takriban mita 1,134. Juu ya ziwa, hasa wakati wa ukungu, maji na anga huweza kuonekana kitu kimoja; jicho lisipopata kitu cha kulenga hutulia kwenye umbali wa karibu, na rubani hudhani anatazama mbali ilhali haoni mbali.

Kinachorekebishika na kisichorekebishika

Upeo mdogo wa macho kuona, yaani kutoona vizuri mbali au karibu, kwa kawaida hurekebishwa kwa miwani au lenzi za kuvaa kwenye mboni. Hata hivyo, miwani ndani ya ndege ya kivita ina changamoto zake. Katika kona kali ambapo uzito wa kila kitu huongezeka mara 9, miwani ya gramu 25 huwa sawa na gramu 225 juu ya pua, na juu yake kuna kofia ngumu na barakoa ya oksijeni. Ndiyo maana baadhi ya majeshi huweka kikomo cha ukubwa wa kasoro hata kama miwani inairekebisha. Jeshi la Anga la Marekani, kwa mfano, limekuwa likipokea wanafunzi wa urubani ambao uoni wao wa mbali bila miwani hauzidi ubovu wa 20/70, sawa na takriban 6/21, mradi urekebishwe kufikia 6/6.

Upasuaji wa leza nao hukubaliwa na baadhi ya majeshi kwa masharti na baada ya muda wa uangalizi. Kijana hapaswi kuukimbilia kwa ajili ya usaili tu. Macho ya wengi huendelea kubadilika hadi miaka ya mwanzo ya 20, na upasuaji uliofanywa mapema au kwa njia isiyokubalika unaweza kumwondoa mtu ambaye miwani isingemwondoa.

Upofu wa rangi wa kuzaliwa hauna tiba. Huwapata zaidi wanaume, kwa kuwa aina yake ya kawaida hurithiwa kupitia kromosomu X. Kuufahamu mapema humwezesha kijana kuelekeza juhudi zake kwenye fani nyingine, zikiwemo zile za ufundi na uhandisi ambazo hazidai kipimo hicho.

Safari huanza darasa la kwanza

Jambo linaloumiza zaidi ni lile ambalo lingeweza kuzuilika. Mtoto mwenye makengeza, au ambaye jicho lake moja ni dhaifu kuliko jingine, anaweza kupata hali iitwayo jicho vivu: ubongo huzoea kulipuuza jicho hilo. Likigunduliwa mapema, hasa kabla ya umri wa takriban miaka 7, matibabu ya miwani na kufunika jicho lenye nguvu hutoa matokeo mazuri. Anapofika kwenye usaili akiwa na miaka 20, mara nyingi miwani haiwezi tena kurudisha kilichopotea, na uwezo wa kukadiria kina huwa umeondoka nacho.

Kwa sababu hiyo, mzazi wa Busisi anayemwona mtoto akisogelea ubao, akiinamisha kichwa upande mmoja au akifumba jicho moja juani, asisubiri. Ampeleke kituo cha afya, ambacho kitampa rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa, na ikibidi Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando jijini Mwanza. Dawa za kienyeji zisitiwe machoni. Zinaweza kuacha kovu kwenye kioo cha jicho. Lishe yenye vitamini A, kama mboga za majani, viazi lishe, maembe, maini na dagaa wa ziwani, huulinda uoni wa usiku.

Utaratibu wa kufuata

Rubani wa kijeshi ni askari kwanza. Matangazo ya Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) ya kuandikisha vijana yamekuwa yakitaja uraia wa Tanzania, afya njema, vyeti halisi na mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) miongoni mwa sifa za mwombaji. Viwango vya macho kwa nafasi husika huamuliwa na Jeshi na kupimwa na madaktari wake. Cheti cha kliniki binafsi hakichukui nafasi ya kipimo hicho, na nafasi za Jeshi haziuzwi. Yeyote anayedai fedha ili “kurekebisha” majibu ya macho ni tapeli na anapaswa kuripotiwa polisi.

Kijana mwenye ndoto ya urubani anashauriwa kupima macho yake sasa, kabla tangazo halijatoka, aombe kipimo cha rangi pamoja na cha ubao wa herufi, atunze kumbukumbu za matibabu na kueleza ukweli anapoulizwa. Kasoro iliyosemwa inaweza kupimwa, na pengine kurekebishwa. Iliyofichwa humsubiri rubani angani, mahali ambapo sekunde 12 ndizo alizonazo, pamoja na maisha ya wenzake.