Kutoka jani la mkonge hadi kiondo: Ubunifu wa Ukambani unaostahili kulindwa

Huko Kambu, kati ya Kibwezi na Mtito Andei kwenye barabara kuu ya Nairobi–Mombasa, mkonge ni mmea wa kawaida mno. Hupandwa kama ua mpakani mwa shamba na hustahimili kiangazi mahindi yanaponyauka. Hata hivyo, mmea huo ndio chanzo cha kazi ya sanaa inayojulikana kote duniani: kiondo, ambacho kwa Kikamba huitwa kyondo.

Mkonge, kama mpungate, huhifadhi maji mwilini. Mpungate huyaweka kwenye shina, mkonge kwenye majani yake manene. Mimea yote miwili hufungua vitundu vyake vya hewa usiku na kuvifunga mchana, hivyo maji hayapotei kwenye jua kali.

Asili ya mkonge ni Mexico. Mwaka wa 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliuleta Tanga, na baadaye ukasambaa hadi Kenya. Kabla ya hapo, wafumaji wa Ukambani walitumia nyuzi za magome ya mbuyu na mimea mingine ya porini. Kwa hivyo mmea ni mgeni, lakini ufundi ni wa wenyeji.

Nyuzi ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani. Jani hukwaruzwa hadi nyama yake itoke, kisha nyuzi huoshwa na kuanikwa. Utomvu wake huwasha ngozi, hivyo ni vyema kufunika mikono. Baadhi ya nyuzi huchemshwa katika rangi, zikiwemo za magome na mizizi, kisha husokotwa pajani kuwa kamba nyembamba.

Kiondo huanzia chini, katikati ya kitako. Kamba hutawanyika kutoka hapo pande zote, na mfumaji huzizungushia nyingine akipanda juu. Ugumu wa mkonge hukifanya kiondo kisimame chenyewe. Michirizi na pembe huhitaji hesabu kamili; ukikosea kamba moja, mchoro wote unapinda. Hesabu hiyo mama humfundisha binti bila kitabu.

Hapo ndipo penye hatari. Tangu Kenya ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 28 Agosti 2017, vikapu vina nafasi kubwa zaidi sokoni. Lakini vikapu vya kuigiza, vingine vya nyuzi za plastiki, pia huuzwa kwa jina la kiondo. Mchoro usioandikwa popote ni vigumu kuthibitisha ulikotoka, na mzee anayeujua akifariki, hufariki nao.

Kifungu cha 11 cha Katiba kinalitaka Bunge kutunga sheria ili jamii zilipwe utamaduni wao unapotumiwa. Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Sanaa za Kitamaduni, Nambari 33 ya 2016, inazipa serikali za kaunti jukumu la kusajili na kuhifadhi maarifa hayo. Anayetaka kuyatumia kibiashara anahitaji idhini ya jamii inayoyamiliki.

Vikundi vya wafumaji vinaweza kujiandaa mapema kwa hatua hizi:

• Piga picha kila mchoro na uandike jina lake la Kikamba pamoja na maana yake.
• Andika aina ya nyuzi, mimea ya rangi na hatua za ufumaji.
• Taja kijiji na aliyekufundisha, kwa ridhaa yake.
• Hifadhi nakala mbili, kwa watu wawili tofauti.
• Mnunuzi akitaka kuiga mchoro, afanye mkataba wa maandishi na kikundi kwanza.

Kazi hii haihitaji mashine wala mtaji. Daftari moja, simu yenye kamera na alasiri moja na nyanya anayefuma vinatosha kuanza.