Moyo wa Kijana Aliyeuawa na Unga

Huko Marekani, madaktari wanaopandikiza mioyo hukabiliwa na swali zito: kijana akifa kwa kuzidisha dawa za kulevya, na jamaa zake wakaridhia moyo wake apewe mgonjwa, je, moyo huo wafaa?

Mwaka 2000, katika kila maiti 100 waliotolewa viungo nchini humo, takriban 1 tu aliuawa na dawa hizo. Kufikia 2017 walikuwa takriban 13, wengi wao vijana.

Heroini na dawa za jamii yake huua kwa kuzima pumzi. Ubongo hukosa hewa ukafa, ilhali moyo, ukisaidiwa kwa mashine, huweza kubaki mzima. Hata hivyo, hauchukuliwi kwa kubahatisha. Kokeini hudhuru mishipa ya moyo, na sindano chafu huweza kupeleka vijidudu hadi kwenye vali zake. Kwa hivyo moyo hupigwa picha, mishipa hukaguliwa, na damu hupimwa Ukimwi na homa ya ini. Homa ya ini aina ya C, iliyokuwa kizuizi kikubwa, sasa ina vidonge vinavyoponya karibu kila mgonjwa. Mpokeaji naye huelezwa hatari zilizopo, akakubali au akakataa.

Matokeo yamewatuliza wengi: waliopewa mioyo iliyokaguliwa hivyo wameishi takriban sawa na waliopewa mioyo ya watu waliokufa kwa majeraha.

Kwa upande wa sheria, Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1988, lilijuzisha kumpandikizia mgonjwa kiungo cha maiti ambacho uhai wake wakitegemea, kwa idhini ya marehemu au ya warithi wake. Kuuza viungo likakuharamisha.

Habari hii haipunguzi ubaya wa unga. Kila moyo uliotajwa hapa ulitoka katika nyumba yenye msiba. Nasi wa Pwani twaujua msiba huo: ni mama wangapi wamemficha mwana kwa kuogopa aibu, akaitwa teja hadi jina lake likasahaulika? Ikiwa tabibu humkagua kijana huyo baada ya kufa akaona angali na cha kumfaa mwenziwe, sisi tulio naye hai tuna udhuru gani wa kumkatia tamaa? Tiba ya methadoni ipo Mombasa na Malindi. Tumpeleke moyo wake ungali kifuani mwake.

Mwenyezi Mungu atuhifadhie vizazi vyetu. Amin.