Mfumi Kaondoka, Mfumo Umebaki

Neno uraibu lina historia ya kuchekesha kidogo na ya kutahadharisha pia. Katika vitabu vya Kiswahili vya shule zetu nchini Kenya, mwanafunzi akiulizwa uraibu wake hutarajiwa kutaja kusoma riwaya, kuogelea au kucheza kandanda. Mwanafunzi huyohuyo akifungua redio jioni atalisikia neno hilohilo likiandamana na mirungi, bangi na sigara. Na akifunua kamusi kongwe ataliona na maana ya tatu, ambayo huenda ndiyo mama wa hizo mbili: mchanganyiko wa tambuu, popoo, chokaa na tumbaku ambao wazee wa pwani walizoea kuutafuna huku wakizungumza.

Lugha haikukosea kuziweka maana hizi chini ya paa moja. Uraibu, uwe mwema au mbaya, ni jambo ambalo mtu hulirudia kwa kuwa nafsi yake hupata utulivu katika kulirudia. Binadamu hawezi kuishi bila marudio ya namna hiyo. Asipopewa mema atatafuta mengine. Kwa sababu hii mwalimu anayewakataza vijana uraibu mbaya bila kuwaonyesha ulio mwema amefanya nusu ya kazi. Makala haya yanautetea uraibu mmoja tunaoudharau kwa kuwa tumeuzoea mno, nao ni uraibu wa mkono: kufuma, kusuka na kushona. Nadai kwamba kazi hizi hutuliza nafsi na wakati huohuo huizoeza akili kupanga mambo, na kwamba tukiziacha zife tutapoteza zaidi ya mikeka na kofia.

Tuanze Chundwa. Kijiji hiki kiko katika Kisiwa cha Pate, kaunti ya Lamu, na majirani zake ni Faza, Kizingitini, Mbwajumwali na Myabogi. Ni nchi ya Wabajuni na ya lahaja ya Kitikuu. Hapa maisha hufuata bahari, na bahari hufuata pepo: kusi ikishika nguvu uvuvi hupungua, na siku huwa ndefu. Katika mazingira kama haya mwanamke asukaye ukili hana saa maalumu ya kusuka. Husuka akingoja chungu kichemke, husuka akizungumza na jirani, husuka huku akimwangalia mtoto anayetambaa. Mgeni aliyezoea kugawa siku yake kati ya kazi na burudani atashindwa kuamua jambo analoliona ni lipi kati ya hayo mawili.

Lakini atazame vizuri. Kabla ukili haujaanza, majani ya mkoma yamekatwa, miyaa imeanikwa juani mpaka ikapauka, imechanwa vipande vya upana mmoja, na mingine imechemshwa katika rangi. Kisha vipande hivyo husukwa vikawa utepe mrefu ambao hukunjwa duara kadiri unavyorefuka. Mwishowe kili hushonwa pamoja zikawa mkeka, msala wa kuswalia, jamvi la barazani au kawa la kufunikia chakula. Hatua moja ikirukwa, inayofuata haifanyiki. Miyaa ikichanwa bila kipimo, ukili utapinda. Ukili ukipinda, mkeka hautalala chini. Anayefanya kazi hii hakuhudhuria semina yoyote ya upangaji wa wakati, na hata hivyo anayo ratiba, anavyo viwango vya ubora na anajua jinsi ya kukagua kazi yake.

Wala isidhaniwe kuwa haya ni mambo ya wanawake peke yao. Lamu yenyewe, mji ambao kitovu chake cha kale kiliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2001, ina wanaume wanaoketi barazani wakishona kofia za vito. Kofia hizo hutobolewa vitundu vidogo vidogo kwa sindano, na kila kitundu huzungushiwa uzi mpaka nakshi ikamilike. Kofia moja njema huweza kumchukua mshonaji wiki nyingi, pengine miezi. Hakuna anayemcheka mwanamume huyo. Kinyume chake, wavaaji wa kofia huitazama kazi ya mkono wake kwa macho ya wajuzi.

Hata kufuma kwa sindano mbili, kazi tuliyozoea kuihusisha na sweta na baridi ya Ulaya, hakukuanzia huko tunakodhani. Miongoni mwa vitu vikongwe vya ufumaji wa aina hiyo vinavyojulikana ni soksi za pamba zilizopatikana Misri, zilizotengenezwa katika zama za Kiislamu. Na katika Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyofanyika mwaka 2021, mpiga mbizi wa Uingereza, Tom Daley, aliyekuwa ameshinda dhahabu, alionekana na dunia nzima akiwa ameketi kati ya watazamaji anafuma. Alieleza kwamba kazi hiyo ilimsaidia kuituliza akili katika siku zile za wasiwasi. Medali yake nayo aliifumia mfuko mdogo wa kuihifadhi.

Kisiwa cha Pate kina somo zito zaidi kuhusu jambo hili. Padri Mreno Monclaro, aliyefuatana na msafara wa Francisco Barreto ulioondoka Ureno mwaka 1569, aliandika kwamba Pate palikuwa na vitambaa vya hariri vya thamani kubwa ambavyo wafanyabiashara walivichukua kwenda kuviuza katika miji mingine ya pwani, kwa kuwa huko havikutengenezwa. Ustadi huo ulikuwa umeota mizizi kisiwani, wala haukuwa wa kubahatisha. Leo hariri ya Pate haipo. Hakuna chombo chake kinachofanya kazi, wala fundi wa kumwambia mtoto aketi atazame.

Kwa mtu wa taaluma yangu, hasara hii inaonekana waziwazi katika msamiati. Kamusi kongwe zina neno mfumi, yaani fundi wa kufuma nguo, na chombo chake kiliitwa kitanda cha mfumi. Ni wanafunzi wachache leo wanaolijua neno hilo. Lakini jamaa yake, mfumo, hakuna asiyelijua. Tuna mfumo wa elimu, mfumo wa sheria, mfumo wa mmeng'enyo wa chakula na mfumo wa kompyuta. Zamani mfumo ulikuwa jinsi nyuzi zilivyopishana katika kitambaa; sasa ni jinsi jambo lolote lenye sehemu nyingi linavyoshikamana. Fundi ameondoka, na neno lililotoka mkononi mwake ndilo tunalolitumia kila tunapotaka kusema kwamba kitu kimepangika.

Mfumo hauko peke yake. Wahakiki wa fasihi huita mpangilio wa matukio katika riwaya msuko, kutokana na kusuka. Wanaopanga hila nao husemwa kwamba wanasuka njama. Tunatunga shanga katika uzi, tunatunga shairi, na mwalimu humwagiza mwanafunzi atunge insha. Wahenga waliolea lugha hii hawakuitenga akili na vidole. Walipotaka jina la kazi ya kupanga mawazo, waliliazima kutoka kwa watu waliowaona wakipanga nyuzi, shanga na miyaa.

Tukiyachukua maneno haya kwa uzito wake, yanatufundisha jambo ambalo madarasa yetu yanalihitaji sana. Kinyume cha kufuma ni kufumua. Msusi akigundua kwamba amekosea pima moja nyuma, haupasui ukili wala halii. Huufumua mpaka pale palipoharibika, kisha huendelea. Lakini mwanafunzi wetu akitunga insha huiandika mara moja, huikabidhi, hurudishiwa ikiwa na wino mwekundu, na habari huishia hapo. Tumemfundisha kutunga bila kumfundisha kufumua. Mtoto aliyewahi kurudia ukili mara tatu anajua mwilini mwake kwamba kosa si fedheha, ni mahali pa kurudia. Sijui mbinu bora ya kulifundisha jambo hili kuliko kumtia kitu mkononi.

Na huo utulivu tunaousifu, je, upo kweli au ni maneno ya wapenda sindano? Mwaka 2013 jarida moja la Uingereza la tiba kwa njia ya shughuli lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa Jill Riley na wenzake, waliowahoji wafumaji 3,545 kutoka nchi mbalimbali. Kadiri watu hao walivyofuma mara nyingi zaidi, ndivyo walivyoelekea kusema kwamba wanajihisi watulivu na wenye furaha. Ni kweli kwamba wahojiwa walijieleza wenyewe, na mpenda jambo hulisifu. Kwa hiyo ushahidi huu hautoshi kukata kauli. Hata hivyo unaafikiana na yale ambayo mwanasaikolojia Mihaly Csikszentmihalyi aliyaeleza katika kitabu chake cha mwaka 1990: mtu huzama katika raha ya kazi pale ugumu wake unapolingana na uwezo wake, na anapoweza kuona papo hapo kama anafanya sawa. Ukili una sifa zote mbili. Si rahisi hata uchoshe, wala si mgumu hata ukatishe tamaa, na kosa lake huonekana mara moja.

Walimu wenzangu watauliza: mikono ikishughulika, masikio yatasikia? Mtafiti Jackie Andrade wa Uingereza aliwasikilizisha watu 40 ujumbe wa simu uliochosha. Nusu yao aliwapa kazi ndogo ya kutia kalamu katika maumbo yaliyochorwa karatasini. Hao ndio waliokumbuka zaidi, kwa asilimia 29. Kutia kalamu si kusuka, na darasa si simu. Lakini jaribio hilo linatosha kutufanya tusite kabla ya kumwambia kila mtoto mwenye kitu mkononi kwamba hasikilizi. Msusi wa Chundwa husuka na kuzungumza kwa wakati mmoja, na kisa hakimpotei.

Isitoshe, ndani ya kazi hii kuna hesabu. Paulus Gerdes, mwanahisabati aliyefanya kazi Msumbiji mpaka alipofariki mwaka 2014, alizichunguza sipatsi, yaani mikoba isukwayo katika mkoa wa Inhambane. Wanahisabati wamethibitisha kwamba nakshi inayojirudia katika utepe inaweza kuwa na aina 7 tu za ulinganifu. Gerdes alizipata zote katika mikoba hiyo. Mwalimu wa jometri wa Pate hana haja ya kuagiza vifaa kutoka mbali. Ukili wa rangi mbili, kutoka nyumba yoyote yenye msusi, utamtosha kwa vipindi kadhaa.

Sasa nije kwenye pingamizi lililo zito kuliko yote. Kuna atakayesema kwamba ni rahisi kwa mhadhiri mwenye mshahara kuuita ukili uraibu, ilhali kwa mama anayeuza mkeka ili anunue unga si burudani hata kidogo. Pingamizi hili ni la haki. Mkeka wa siku nyingi huuzwa kwa bei isiyolingana na siku hizo, na mara nyingi faida humfuata mchuuzi na mwenye duka la watalii. Tukiisifia kazi kwa utulivu wake huku tukinyamazia bei yake, tutakuwa tunamlipa msusi kwa maneno. Kwa hiyo mambo haya mawili yaende pamoja: anayesuka kwa riziki alipwe inavyostahili, na asiyehitaji kusuka kwa riziki ajifunze kusuka ili ajue thamani ya anachokinunua. Mnunuzi aliyewahi kusuka pima moja ya ukili hatakuwa mwepesi wa kupunguza bei.

Shule zetu zilikwisha kulijaribu jambo hili. Mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, ulizipa kazi za mikono nafasi na hata mtihani. Malalamiko yakazuka kwamba wazazi walikuwa wakinunua vitu sokoni ili watoto wakavikabidhi kwa mwalimu, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 mtihani huo ukaondolewa. Mtaala wa umilisi, uliosambazwa nchini kuanzia mwaka 2019 katika madarasa ya mwanzo, umezirudisha sanaa darasani. Tusirudie kosa la kwanza. Mkono hauzoezwi kwa kitu kilichonunuliwa usiku wa kuamkia ukaguzi, bali kwa marudio ya siku nyingi, mbele ya mtu anayejua.

Na watu hao bado wapo. Pendekezo langu ni dogo na halihitaji bajeti kubwa. Shule iliyo Chundwa, Faza, Siyu au kwingineko pwani imwalike bibi anayesuka ukili na mzee anayeshona kofia, angalau mara moja kwa wiki, na iwalipe kama inavyomlipa fundi yeyote. Wavulana na wasichana waketi pamoja. Mwalimu wa Kiswahili awepo na daftari, aandike majina ya vifaa, ya hatua na ya nakshi katika Kitikuu na Kisiu kama yanavyotamkwa, kwa sababu maneno hayo hufa siku moja na mikono inayoyatumia. Mwanafunzi naye, arudipo nyumbani, aiweke simu kando kwa nusu saa na kuushika ukili wake.

Hariri ya Pate hatukuwahi kuiona; tumeachiwa habari zake katika maandishi ya mgeni. Ukili bado tunauona kila siku, na anayetaka kufundishwa hana haja ya kumtafuta mwalimu mbali.