Bia ya kopo au ya chupa? Kwa grosari ya kijijini, jibu liko kwenye kreti tupu

Mama mmoja mwenye grosari Kenyamonta alipiga simu studio wakati wa kipindi cha mchana. Anayemletea bia alikuwa amemshauri aanze kuuza za makopo, kwa sababu vijana wanaorudi kutoka Mwanza na wale wa machimbo ya Nyamongo wanaziulizia. Mama akauliza: bia ya kopo ni nzuri kuliko ya chupa? Mimi nikajibu harakaharaka kwamba ladha ni ileile, achague iliyo nafuu, nikaweka wimbo.

Kabla wimbo haujaisha simu zilikuwa zimeshaanza kuita. Mzee mmoja aliniambia, "Mwanangu, wewe hujawahi kubeba kreti." Ni kweli. Basi nimeuliza, nimesoma, na hili ndilo jibu ambalo mama alistahili siku ile.

Tuanze na ladha, maana ndiyo inayobishaniwa zaidi. Wengi husema bia ya kopo inanuka bati. Kwa ndani, kopo hupakwa utando mwembamba unaozuia bia isiguse aluminiamu. Harufu ya chuma unayoisikia hutoka kwenye ukingo wa kopo, pale mdomo na pua vinapogusa. Mimina bia ileile ya kopo na ya chupa kwenye glasi mbili, mwite mwenzako asiyeona ulivyomimina, umuulize ipi ni ipi. Wengi hubaki wanabahatisha.

Kinachoiharibu bia hasa ni mwanga, hewa na joto. Uchungu wa bia hutoka kwenye maua yanayoitwa hopsi. Mwanga wa jua ukiipiga bia, sehemu ya uchungu ule huvunjika na kuungana na salfa kidogo iliyomo, na hapo hutokea harufu mbaya ambayo Wamarekani huifananisha na mnyama wao anayeitwa skunk. Sisi tuna kicheche, na aliyewahi kukutana naye usiku hahitaji maelezo zaidi. Chupa ya kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo, ya kijani huzuia kidogo, na nyeupe karibu haizuii kitu. Kopo halipitishi mwanga hata chembe. Kwa hiyo ukiona kreti zimepangwa nje ya duka juani tangu asubuhi, hasa za chupa za kijani, nunua kwa jirani.

Kwenye hewa pia kopo linaongoza. Kizibo cha chupa tunachokifungua kwa opena kilibuniwa na William Painter huko Baltimore, Marekani, mwaka 1892, na hadi leo kinafanya kazi vizuri, lakini kwa miezi mingi huruhusu hewa kidogo sana kupenya. Mfuniko wa kopo hukunjwa pamoja na ukuta wake, ukabana zaidi. Joto ndilo halichagui: bia iliyokaa chini ya bati la mchana huzeeka haraka, iwe kwenye kopo au chupa.

Halafu kuna swali la mhudumu wa baa yoyote Tanzania: ya moto au ya baridi? Kwa wanaotaka ya baridi, kopo hupoa haraka kwa sababu ukuta wake ni mwembamba na ni chuma. Umeme ukikatika na umebaki na ndoo ya maji na barafu, makopo yatakuwa tayari kabla ya chupa. Ila likishakuwa mkononi, kopo hupata joto upesi vilevile. Mnywaji wa taratibu, yule wa bia moja na hadithi tatu, chupa inamfaa zaidi.

Mpaka hapo, kama ningekuwa nahukumu kifungashio peke yake, ningelipa kopo ushindi. Bia ya kwanza ya kopo iliuzwa mwaka 1935 huko Richmond, Virginia, na kampuni ya Krueger. Moja ya mambo yaliyowavutia watengenezaji ni kwamba mnywaji hakutakiwa kurudisha kitu. Alikunywa, akatupa. Sasa hapo ndipo Kenyamonta inapoachana na Richmond.

Viwanda vya bia vilivyo karibu nasi viko Mwanza, vya TBL na vya Serengeti Breweries. Gari linaloleta bia huku hupanda na mzigo na lazima lirudi. Likirudi na kreti tupu, chupa zile huoshwa kwa maji moto yenye magadi makali, hukaguliwa kama zina ufa, hujazwa tena. Chupa moja iliyotunzwa vizuri inaweza kufanya safari hizo mara 20 na zaidi. Chukua chupa uliyonayo mezani uitazame begani na karibu na kitako: ukiona mikanda myeupe iliyochubuka, hiyo ni alama ya kugongana na wenzake kwenye kreti, na inakuambia imezunguka sana.

Gharama ya kutengeneza chupa hiyo imegawanywa kwa wanywaji wote hao. Kopo halina wa kugawana naye. Kila unaponunua bia ya kopo unanunua na kopo jipya, unalitupa. Ongeza kwamba makopo mengi ni ya mililita 330 na chupa nyingi ni za 500. Kabla ya kusema bei zinakaribiana, gawanya bei kwa mililita. Mama akifanya hesabu hiyo mbele ya wateja wake, baadhi ya vijana watarudi kwenye chupa wenyewe.

Lakini chupa nayo ina mzigo wake, na hapa yule mzee alikuwa na haki ya kunisema. Zaidi ya theluthi moja ya uzito wa bia ya chupa ni kioo. Halafu mwenye grosari hulipia kreti na chupa zake mwanzoni, na baada ya hapo hubadilisha tupu kwa zilizojaa. Chupa ikivunjika, au ikiondoka na mteja ikaishia kuwekea asali au mafuta ya taa, hasara ni yake. Mteja mmoja aliyepotea na chupa hula faida ya chupa kadhaa zilizouzwa. Ndiyo maana unaambiwa unywee hapo au uache pesa ya chupa. Si roho mbaya. Harusi ni kipimo kingine. Zinatoka zimejaa kreti, zinarudi na mapengo, na kila mtu anamtazama mwenzake.

Pia chupa iliyovunjika hukata mguu wa mchunga ng'ombe, na shingo yake ni silaha mkononi mwa mlevi. Kwenye mechi na mikusanyiko mikubwa, mimi ningeuza kopo tu.

Na makopo matupu je? Tumeshaonja vifungashio visivyo na wa kuvirudisha. Pombe za viroba zilipigwa marufuku Machi 2017, mifuko ya plastiki Juni 2019, na bado ukichimba shamba unakuta mabaki. Kopo lina nafuu moja: lina thamani. Kuliyeyusha na kulitumia tena huokoa karibu asilimia 95 ya nishati inayohitajika kutengeneza aluminiamu mpya. Shida ni uzito. Kopo tupu lina gramu kama 15, hivyo kilo moja inataka makopo karibu 70. Gunia lililojaa makopo yasiyokanyagwa ni gunia la hewa, na hakuna atakayelipa nauli ya kulipeleka Mugumu.

Kwa hiyo mama, jibu langu la pili: wanaonywea kwako, wauzie chupa. Weka makopo machache kwa wasafiri, kwa wanaokwenda mnadani, na kwa harusi ya mbali ambako hujui kreti zitarudije. Usiyape nafasi ya chupa kwenye friji mpaka uone yanavyotoka. Na tundika gunia mlangoni.

Nilimpigia kumsomea haya kabla hayajatoka. Alicheka, akasema gunia analo tayari. Kijana wa vyuma chakavu hupita kwa pikipiki, na hagusi kopo ambalo halijakanyagwa.