Ukiona vyaelea, vimeundwa: Kuchagua vipuri vya kompyuta ndogo Kisugu

Na Mwandishi Maalumu, Kampala

ANAYEPANGA chumba kimoja Kisugu, kile ambacho wenyeji hukiita muzigo, hana nafasi ya kuchezea. Kuna kitanda, jiko, maboksi ya bidhaa zinazosubiri basi la Mpondwe au Elegu, na meza moja ambayo mchana ni ofisi na jioni ni ya watoto kufanyia kazi za shule. Juu ya meza hiyo ndipo wengi wa waliorejea kutoka ugenini, na wenzao wanaofanya biashara ya mipakani, wanataka kuweka kompyuta.

Kompyuta hiyo si anasa. Tangu Januari 1, 2021, kila mfanyabiashara wa Uganda aliyesajiliwa kulipa VAT anatakiwa kutoa risiti kwa mfumo wa kielektroniki wa Mamlaka ya Mapato, URA, unaojulikana kama EFRIS. Mwezi Aprili 2024 wafanyabiashara wa Kampala walifunga maduka kuupinga, lakini mfumo ukabaki. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la siku hizi linazidi kuhamia ndani ya kompyuta.

Wengi hukimbilia laptopu. Ina faida yake, hasa betri, umeme unapokatika. Hata hivyo, kioo au kibodi yake ikiharibika, gharama ya matengenezo inaweza kukaribia bei ya kununua nyingine ya mtumba. Kompyuta ya mezani unayojiundia hutengenezwa kipande kwa kipande: kikifa kimoja unabadilisha hicho tu. Swali ni je, vipande hivyo vichaguliwe vipi ili mashine iwe ndogo, isile umeme, na iweze kutengenezwa hapa hapa?

Anza na kasha

Wanunuzi wengi huanza na prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, kwa sababu ndiyo inayotajwa kwenye matangazo. Kwa mashine kubwa si neno. Kwa mashine ndogo, kasha ndilo linaloamua mengine yote: ukubwa wa madabodi, aina ya pawa saplai na urefu wa feni.

Kompyuta ya kawaida ya mnara huchukua nafasi ya lita 40 au zaidi, sawa na majerikeni mawili ya maji. Kasha dogo la madabodi ya microATX huweza kuwa na ukubwa wa jerikeni moja la lita 20. Kasha la Mini-ITX hushuka hadi lita 10 au chini ya hapo.

Madabodi ya microATX ina upana wa milimita 244 kila upande. Ile ya Mini-ITX, iliyoletwa sokoni na kampuni ya VIA ya Taiwan mwaka 2001, ina milimita 170 tu. Inavutia, lakini ina nafasi mbili tu za RAM, na kwa kawaida nafasi moja ya kadi ya ziada. Kubwa kuliko yote, ukiipoteza kwa radi au umeme mbaya utalazimika kutafuta nyingine ya kipimo hicho hicho. Kwa hiyo kabla ya kununua kasha, zunguka maduka matatu ya Kampala Road na uulize kila moja lina madabodi gani za kipimo hicho siku hiyo. Kama jibu ni kuagiza kutoka Dubai au kufuata Luthuli Avenue, Nairobi, chagua microATX. Kwa mfanyabiashara, jerikeni moja linalotengenezeka kesho lina faida kuliko nusu jerikeni linalosubiri mzigo wa mwezi ujao.

Pawa saplai: soma lebo

Hapa ndipo fedha za watu huungua. Makasha mengi madogo hayapokei pawa saplai ya kawaida. Yanataka ile iitwayo SFX, yenye upana wa milimita 125. Ujue hilo kabla ya kulipa.

Usidanganywe na namba kubwa iliyochapishwa pembeni. Tafuta kwenye lebo mstari wa volti 12 na usome ampea zake. Zidisha. Ikiandikwa wati 500 juu, lakini mstari wa volti 12 una ampea 20, unapata wati 240 tu za kazi halisi. Kwa mashine isiyo na kadi kubwa ya picha, hizo zinatosha kabisa, kwa sababu mara nyingi itatumia chini ya wati 100. Tatizo ni kwamba muuzaji aliyedanganya kwenye namba moja huenda amedanganya na kwenye kinga ya umeme.

Waliorudi kutoka Marekani au Kanada wawe waangalifu zaidi. Huko umeme ni volti 120, hapa ni 240. Pawa saplai nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 na 230. Ikiachwa kwenye 115 ukaichomeka ukutani Kisugu, itaungua papo hapo. Zile zilizoandikwa 100–240 hazina shida hiyo.

Prosesa: herufi ya mwisho

Kwa hesabu za duka, barua, EFRIS na masomo ya watoto huhitaji kadi ya picha. Chagua prosesa yenye picha ndani yake. Hilo hutambulika kwa herufi ya mwisho. Intel Core i3-12100 ina picha, i3-12100F haina. AMD Ryzen 5 5600G ina picha. Ryzen 5 5600 bila G haina. Ukikosea herufi hiyo, mashine itawaka na kioo kitabaki cheusi.

Prosesa lazima ilingane na soketi ya madabodi. Hiyo i3-12100 inakaa kwenye LGA1700, na 5600G inakaa kwenye AM4. AM4 hutumia RAM ya DDR4, na AM5 iliyoifuata mwaka 2022 hutumia DDR5 peke yake. LGA1700 zipo za aina zote mbili, kila madabodi na yake, na RAM moja haiingii mahali pa nyingine.

Aidha, pima urefu wa feni ya prosesa kwa milimita na uulinganishe na kasha. Kwenye chumba cha mabati saa nane mchana, feni iliyobanwa haitapoza kitu. Anayepeleka mashine Juba, ambako Machi joto hupita nyuzi 35, achague kasha lenye matundu mengi, na kila mwezi apulize vumbi.

RAM na SSD

RAM ya GB 16 inatosha. Nunua vipande viwili vya GB 8 badala ya kimoja cha 16, kwa sababu prosesa yenye picha ndani hukopa RAM hiyo, na vipande viwili huifanya iende kasi zaidi. Bei ya RAM ilipanda duniani kuanzia mwishoni mwa 2025, viwanda vilipoelekeza nguvu kwenye mitambo ya akili bandia. Desemba mwaka huo kampuni ya Micron ilitangaza kuacha kuuza RAM za Crucial kwa wateja wa kawaida. Kwa hiyo kagua vilivyomo: muuzaji aliyekuunganishia mashine afungue kasha uone vipande kwa macho yako.

Kwa SSD, GB 500 ni nyingi kwa daftari la duka. Jihadhari na zenye GB nyingi na bei ya kushangaza. Ijaribu kwa kunakili mafaili mpaka karibu ijae, kisha uyafungue tena. Ya bandia itashindwa.

Hesabu ya Yaka

Kompyuta kubwa inayokula wati 200 kwa saa 6 kila siku humaliza uniti 36 za Yaka kwa mwezi. Ndogo ya wati 40 humaliza uniti 7 na kidogo. Kwa wateja wa nyumbani, uniti 15 za kwanza za mwezi hutozwa bei nafuu. Ndogo inaweza kuishi ndani ya hizo, ilhali kubwa inazimaliza kabla ya nusu ya mwezi. Ongeza UPS ndogo, ikupe dakika chache za kuhifadhi kazi umeme unapokatika.

Mtumba mdogo

Ipo njia nyingine: mashine ndogo za maofisi ya Ulaya, kama Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini na Lenovo ThinkCentre Tiny. Zina ukubwa wa takriban lita moja na hutumia chaja ya nje kama ya laptopu, kwa hiyo chaja ikifa ni rahisi kupata nyingine. Soma namba ya prosesa: i5-8500T ni ya kizazi cha 8, i5-6500T ni cha 6. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 kwa kawaida Oktoba 14, 2025, na kizazi cha 6 hakikubaliki rasmi kwenye Windows 11. Hicho kitumie na Linux, ambayo ni bure. Hakikisha pia mashine haijafungwa kwa nywila ya ofisi ilikotoka.

Kwa daftari na risiti tu, mtumba huu wa kizazi cha 8 unatosha. Anayetengeneza picha, video au kazi za uchapaji ajiundie.

Mpakani

Chini ya Ushuru wa Pamoja wa Forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kompyuta zina ushuru wa asilimia 0. Hata hivyo VAT na tozo nyingine za kila nchi zinaweza kubaki. Kile cheti rahisi cha asili ya bidhaa, kwa mzigo usiozidi dola 2,000, ni cha bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya. Hakisaidii kompyuta iliyotoka Dubai. Anayehamisha makazi kurudi nyumbani ana nafuu nyingine: sheria ya forodha ya Jumuiya ya mwaka 2004 inaruhusu vyombo vya nyumbani alivyovitumia alikotoka kuingia bila ushuru. Mashine iliyounganishwa na iliyotumika inaeleweka hivyo. Vipuri vipya ndani ya maboksi yake vinaonekana kuwa bidhaa.

Andika namba za kila kipande kwenye daftari, weka risiti pamoja nayo, na usiondoke dukani kabla mashine haijawaka na kukaa saa nzima mbele yako.

Mwandishi wa makala haya ni mwalimu na mkazi wa Kisugu, Kampala.