Stockholm kwa Miguu

Mtu wa Mwanga, Kigoma, akifika Stockholm, swali la kwanza ni la maji: haya ni ya ziwa au ya bahari? Ni yote mawili. Mji mkuu huu wa Uswidi umekaa juu ya visiwa 14, pale Ziwa Mälaren linapomwagikia Bahari ya Baltiki. Ukisimama Slussen, upande mmoja una maji wanayokunywa watu wa mji, upande wa pili maji ya chumvi chumvi, na katikati malango ya kupitishia mashua.

Niliutembea siku 3 bila kiongozi. Mwezi Juni jua huzama saa 4 usiku, kwa hiyo haraka ya nini? Badala ya kiongozi unapakua programu kwenye simu, inakupeleka mahali, kisha inanyamaza mpaka ufumbue fumbo lake: hesabu hiki, soma mwaka ulioandikwa juu ya mlango ule. Ukikosea, hatua inayofuata haifunguki. Sisi tuliolelewa na kitendawili tunajua kwamba ukishindwa unatoa mji. Hapa mji wenyewe ndio unaotega.

Mafumbo mengi yako Gamla stan, mji wa kale. Kuna uchochoro uitwao Mårten Trotzigs gränd, ambao penye wembamba zaidi ni sentimita 90 tu. Anayepanda na anayeshuka lazima mmoja ajibanze ukutani. Niliulizwa una ngazi ngapi. Nikaandika 35, simu ikakataa, nikarudi chini kuhesabu upya: 36.

Kwenye kona nyingine, jiwe la maandishi ya kale ya Kinordi limejengewa ukutani kama tofali la kawaida. Ni la karibu miaka 1,000, na linasema mume na mke walilisimamisha kumkumbuka mwana wao. Watu wanapita na mifuko ya sokoni. Ningepita vilevile kama nisingeulizwa.

Nililolipenda kuliko yote liko uani nyuma ya kanisa la Wafini: mtoto wa chuma, kimo chake kama sentimita 15, amekaa amekumbatia magoti akitazama mwezi. Ni kazi ya Liss Eriksson. Kichwa kinang'aa kwa kupapaswa. Wakati wa baridi watu humfumia kofia na skafu ya uzi, wanamvisha, wanakwenda zao.

Kutafuta njia ni jambo la zamani kwa Waswidi. Mwaka 1919 Ernst Killander aliandaa karibu na Stockholm shindano la kukimbia porini kwa ramani na dira, na mchezo huo ukaenea nchi nzima. Na wanatembea kweli, wakubwa kwa wadogo. Waziri Mkuu Olof Palme, rafiki wa Mwalimu Nyerere, alipigwa risasi usiku wa 28 Februari 1986 akitoka sinema kwa miguu na mkewe, bila mlinzi. Bamba la kumbukumbu liko chini, kwenye njia ya waenda kwa miguu ya Sveavägen.

Fumbo la mwisho lilinifikisha kisiwa cha Djurgården, kwenye meli ya Vasa. Ilizama 10 Agosti 1628, safari yake ya kwanza, haijamaliza hata kilomita mbili, ikaibuliwa 1961. Ilikaa chini miaka mingapi? Nikaandika 333. Kando yangu bibi mmoja na mjukuu wake walikuwa wakihesabu kwa vidole, tukaanza kuzungumza. Nikawaambia kwetu Kigoma iko meli ya Liemba, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe ziwani mwaka 1916, Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kubeba abiria na mizigo yao ya dagaa na mananasi.

Mtoto akataka kujua hiyo nayo ilikaa chini miaka mingapi. Nikamwandikia kwenye karatasi: 1916, 1924. Akavikunjua vidole upya.